Kuku Alipona Kabla Yangu

Kabula mwanangu,

Shikamoo yako ya asubuhi nimeshaipokea, na ya mchana, na ile ya tatu uliyonipa kwa kusahau ulipopita na ndoo, kwa hiyo mambo ya salamu tumeyamaliza. Nakuandikia nikiwa hapa kibandani kwangu. Mteja wa mwisho ameondoka na baiskeli yake, jua bado lipo, na sauti yako naisikia kutoka nyumbani ukibishana na mama yako kuhusu blanketi. Usijichoshe. Blanketi utaenda nalo.

Utajiuliza kwa nini mtu amwandikie barua binti anayemsikia akiongea. Ni kwa sababu najijua nikisema kwa mdomo. Nitaanza vizuri, kisha nitakuuliza kama umeweka soksi, kisha nitakohoa na kutafuta bisibisi. Habari za soksi, sabuni na kutompa mtu usiyemjua akushikie simu mama yako amekwisha kukwambia, na nina hakika atakwambia tena kesho stendi. Mimi nataka tuzungumze habari za miguu, wako na wangu.

Kesho unakwenda Dodoma kuchezea timu ya watu kwa mguu uliovunjika mwaka jana. Wewe unasema umepona. Daktari anasema umepona. Mama yako naye anasema umepona. Aliyebaki ni mimi, na tangu kocha wao akupigie simu, kila siku nimekuwa na sababu mpya: tusubiri mvua zipungue, tusubiri upate viatu vizuri, tusubiri tumwone daktari mwingine. Hukuwahi kunijibu vibaya, lakini jioni moja nilikuona umekaa kizingitini na viatu vyako mapajani, unavifuta wakati havikuwa na vumbi, na nilijua ni mimi niliyekuweka pale. Iliniuma. Nataka ujue woga wangu ulitoka wapi, halafu nikwambie kuhusu jana.

Hadithi ya kuku umeisikia mara nyingi, lakini umeisikia kwa mama yako, naye huisimulia vibaya kwa sababu hucheka kabla ya kufika mwisho. Acha leo mwenye mguu aisimulie mwenyewe.

Nilikuwa kijana wa umri wako, mchimbaji upande wa Geita. Duara letu, yaani shimo letu la kutafutia dhahabu, nilikuwa nashuka na rafiki yangu Salumu, Muha wa Kigoma, mtu wa maneno machache na mabega mapana. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mtu mwenye akili zake angeacha kuta zikauke kwanza. Sisi tulishuka tunaimba. Ukuta ulipodondoka ulinikuta nimeinama, na wala haukuwa mwingi, ila ndani yake mlikuwa na jiwe, nalo likatua ugokoni.

Watu huwa hawaniamini nikisema hivi: halikuuma. Kwa muda fulani halikuuma hata kidogo. Nilimwambia Salumu, "Niko sawa, nitolee tu hili jiwe," na nilimaanisha. Salumu akautazama mguu wangu, halafu akatazama pembeni. Ndipo na mimi nikatazama, nikaona kisigino kimeelekea kusikostahili. Baadaye nilielezwa kwamba mwili ukipigwa pigo kubwa hufanya hivyo. Huyazuia maumivu kidogo ili upate nafasi ya kujiokoa. Kisha huyaachia yote kwa pamoja. Yalipoachiwa nilimwita mama yangu, bibi yako, ambaye alikuwa kwake Mwadui na kwa vyovyote asingenisikia.

Kilichofuata ni baridi. Jua lilikuwa kali, watu wamevua mashati, na mimi meno yanagongana. Salumu alinilaza chini, akanifunika shati lake na la mwenzake, akawafukuza waliokuja kuchungulia. Hilo uliweke moyoni, kwa sababu huko uwanjani na barabarani utaona watu wakiumia. Mtu aliyeumia sana akisema anasikia baridi juani, hana utani huyo. Damu inamkimbia, pengine ndani kwa ndani. Mfunike, usimwache peke yake, na apelekwe hospitali haraka.

Mimi sikupelekwa hospitali. Kwa hapo tulipokuwa, karibu kulikuwa kwa mama mmoja wa Kisumbwa, bibi Nyamizi, aliyekuwa anaunga mifupa, na sifa zake zilifika hadi barabara ya Chato. Alinivuta mguu akaunyoosha. Kipande hicho sikusimulii, ila nilitaja majina ya ndugu zangu wote mmoja mmoja. Akanifunga kwa vijiti na vitambaa, akanawa mikono, kisha akaomba aletewe kuku.

Kazi ya kuku huyo unaijua. Anavunjwa mguu wa upande uleule ulioumia wewe, anafungwa vijiti vyake vidogo, anawekwa chini ya kitanda chako. Siku kuku akitembea, na wewe unatembea. Nilimwonea huruma sana, maana yeye hakuwa amechimba chochote. Tukaishi chumba kimoja, mimi juu, yeye chini, tukiangaliana. Nilikuwa namgawia pumba na ugali, namwita Mwenzangu. Salumu akija kunijulia hali alikuwa anatuuliza wote wawili tumeamkaje.

Sasa, bibi Nyamizi hakuwa mjinga, na sitaki mtu amtupie lawama. Siku moja alinikuta nimemshika yule kuku nampapasa mguu, akanitolea macho.

"We Msukuma, unafanya nini?"

"Namwangalia Mwenzangu, bibi. Naona ameanza kukanyaga."

"Huyo nimekuwekea akuchangamshe, usife na mawazo humu ndani. Wa kukwambia ukanyage ni mimi. Umenisikia?"

"Nimekusikia, bibi. Wabeja, asante sana."

Nilimsikia kwa masikio tu. Haukupita muda kuku akawa anatembea uani anachechemea, halafu hachechemei tena, halafu anakimbizana na wenzake. Na mimi nikaangalia mguu wangu: uvimbe umeshuka, hauumi, unaniwasha tu. Siku hizo hizo zikaja habari kwamba duara letu limekutana na mwamba wenyewe, na wenzangu wanatoa mawe mazuri. Sikumuaga bibi. Nilifungua vijiti mwenyewe, nikakanyaga, mguu ukanibeba. Nikafurahi kweli. Nikafika duarani, nikashika ngazi, nikaanza kushuka.

Mguu haukuvunjika kwa kishindo. Katikati ya ngazi nilihisi unapinda taratibu, kama mshumaa uliosahauliwa juani, na safari hii maumivu hayakusubiri. Salumu alinibeba mgongoni mpaka barabarani. Tulipokuwa tunangoja gari akasema neno moja tu: "Yule kuku ni kuku."

Hospitalini nilimkuta daktari mmoja mwanamke, mcheshi, mwenye sauti kubwa. Nilimweleza yote, nikamalizia na hoja yangu: "Lakini daktari, kuku alipona."

"Kuku alipona kwa sababu mfupa wake ni njiti ya kibiriti," akasema. "Wewe una gogo. Mwenzio alikuwa amemaliza kazi, wewe ulikuwa katikati."

Akanichorea kwenye bahasha ya picha yangu ya eksirei, na mchoro ule mpaka leo ningeweza kukuchorea. Mfupa ukivunjika, damu huganda palepale penye ufa. Kisha mwili huanza kujaza pengo kwa kitu laini, gegedu kama la sikio lako. Ulaini huo ndio hugeuka mfupa polepole, na mwanzoni huwa mfupa wa haraka haraka, uvimbe mnene usio na umbo. Halafu ndipo mwili huanza kuuchonga upya, unatoa hapa unaongeza pale, na kazi hiyo huendelea miezi na miezi wakati wewe umeshasahau. Maumivu huondoka mapema, wakati kazi haijafika hata nusu. Hapo ndipo mimi nilipodanganyika, na aliniambia wengi hudanganyika hapohapo.

Alitaka wauvunje tena, waunyooshe kwa vyuma. Nikasema kuvunjwa mara mbili kunanitosha. Hilo lilikuwa kosa la pili, na ndilo unaloliona nikitembea. Alinifunga hogo, ile plasta ngumu nyeupe, akanilaza wodini nikae mbele ya macho yao.

Salumu akaniletea yule kuku. Alidhani nitamchinja nipate mchuzi. Akamfunga kwenye mguu wa kitanda, na mama yako, ambaye alikuwa anapita na sufuria la uji akiuzia wagonjwa, akasimama akauliza, "Huyu kuku anauzwa?" Nikamjibu, "Hapana dada, huyu ni mgonjwa mwenzangu, ila yeye ameruhusiwa." Alicheka mpaka uji ukamwagika kwenye shuka. Kesho yake akarudi na uji wa kunilipa ule uliomwagika, ingawa shuka halikuwa langu. Kwa hiyo ukimsikia mtu anamsema vibaya kuku yule, mtetee. Anakuhusu.

Mfupa ukaunga, umepinda lakini imara. Kuna kitu kingine kilichukua muda mrefu zaidi, na hicho sikuwahi kukwambia vizuri. Tulipohamia mtaa huu wa Kambarage, kila lori lilipomwaga kokoto mahali nilikuwa nashtuka, mwili mzima unakakamaa, jasho linanitoka mgongoni, na mimi nimekaa zangu juani na gurudumu la mtu mkononi. Akili inajua ni kokoto. Mwili haujui. Mama yako alikuwa ananiwekea mkono begani, ananisemesha habari nyingine kabisa, bei ya mchele au jirani gani kagombana na nani, mpaka mshtuko unapita. Sikuona aibu mbele yake, na nashukuru. Ukipatwa na hali kama hiyo huko, usiifiche kwa kucheka. Tafuta mtu wa kukusemesha habari za mchele.

Kisha ikaja zamu yako. Ile siku ulipogongana na golikipa nilikuwa kazini, nikaletewa habari na kijana wa baiskeli, na nilipofika ulikuwa umelala pembeni ya uwanja, umefunikwa kanga, unasema hauumi sana. Neno hilo lilinimaliza nguvu. Nilijua linalofuata.

Ulipofungwa hogo niliapa moyoni kwamba mguu wako hautapinda, na hapo nikaanza makosa mapya. La kwanza ni spoku, ule waya wa gurudumu. Ulilia unawashwa ndani ya hogo, na mimi fundi baiskeli nikaona dawa iko kiganjani, nikakupa spoku ya kujikunia. Yule nesi alipoiona alinisema mbele ya foleni nzima: ngozi ya ndani ya hogo ni laini, ukiichana inaoza bila mtu kuona. Nilikubali. Lakini nakumbuka uso wako ulivyokuwa na raha ile siku moja.

Kosa kubwa lilikuja hogo lilipotolewa. Mguu ulitoka mwembamba, ngozi inabanduka, goti halikunjiki. Tukaambiwa uanze kukanyaga kidogo kidogo, na mtaalamu wa mazoezi akatuonyesha jinsi ya kufanya. Nikaitikia vizuri kabisa. Tulipofika nyumbani nikakuwekea kiti, na cha kuegeshea mguu, na kengele ya baiskeli ya kuita ukitaka maji. Kila ukitaka kusimama nakwambia bado. Nilikuwa naona ngazi ile ya duarani. Goti lako likazidi kukaza, na mimi nikasema, mnaona, bado hajapona.

Mpaka ile siku niliporudi ghafla kuchukua pampu nikakukuta kizingitini unapanda na kushuka, umeshika bega la mama yako, naye anakuhesabia kwa sauti. Nilifoka. Unakumbuka nilivyofoka. Mama yako akaningoja nimalize, akasema, "Baba Kabula, wa kwako uliuharakisha. Wa mwenzio unauchelewesha. Lini utaacha mguu ufanye kazi yake?"

Nikachukua pampu nikaondoka. Nikiwa njiani ndipo nikakumbuka vizuri mchoro wa daktari. Alikuwa ameniambia pia kwamba ule mfupa wa haraka haraka huchongwa kwa kutumika. Ukiubebesha uzito kwa kiasi chake, unajijenga pale unapobebea. Usipoubebesha kitu, unakonda pamoja na nyama yake. Mwanzo unataka utulivu, baadaye unataka kazi, na mimi katika maisha yangu nimefaulu kuvunja sheria zote mbili, moja kwa mguu wangu na nyingine kwa mguu wako. Wachache wanaweza kujivunia hayo.

Siku ya pili nikasimamisha baiskeli kibandani, gurudumu la nyuma halijagusa chini, nikakwambia panda. Zile ndizo siku nilizozipenda kuliko zote mwaka jana. Unakanyaga pedeli unakunja uso, mimi naziba pancha, wateja wanakuuliza, "Dada, safari ya wapi hiyo isiyofika?" na wewe unawajibu, "Dodoma!" Ulikuwa unatania tu. Hakuna aliyekuwa amekupigia simu bado. Goti likaanza kukunjika, paja likarudi, na kile kinundu ulichokuwa unakichukia kikabaki pale ugokoni. Usikichukie. Hapo ndipo mwili wako ulipofanya kazi nzuri wakati baba yako anakuzuia.

Kwa hiyo huko uendako, uuamini huo mwili, lakini uusikilize. Maumivu ya misuli baada ya mazoezi, yale yaliyoenea mguu mzima na kupungua ukipumzika, ni ya kazi, yaache. Maumivu yanayokaa sehemu moja, ukibonyeza kwa kidole unapapata, na yanakuamsha usingizini, hayo mwambie kocha hata kama kesho kuna fainali. Ukigongwa kichwa ukaona mambo mawili mawili, toka uwanjani, hata akugombeze nani. Na mvua ikikaribia mguu ukauma kidogo, karibu kwenye ukoo. Majirani wote wa hapa huniuliza mimi kabla ya kuanika mahindi.

Sasa kuhusu jana. Mechi yenu ya kuagana na wasichana wa Mwadui nilisema sitakuja, nina kazi. Nilikuja. Nilisimama nyuma ya wauza miwa, mahali usingeniona. Nimekuona ukikimbia, nikasema moyoni, huyu ni nani? Halafu beki wao, yule mrefu, akaja kwa nguvu zote, mkakutana kwenye mpira, nikasikia ule mlio, na wewe ukawa chini.

Sikumbuki kuamua. Nakumbuka tu niko katikati ya uwanja, ndala moja imebaki kwenye miwa, nakimbia na mguu wangu huu uliopinda, mara ya kwanza kukimbia tangu mama yako anifahamu. Refa anapuliza filimbi, nayo ananipulizia mimi. Watu wanacheka. Nimekufikia nakuta umelala chali, umefumba macho, na roho yangu iko kwenye ngazi.

Ukafumbua macho. "Baba? Unafanya nini huku?"

"Mguu," nikasema. Sikuwa na pumzi ya neno lingine.

"Mguu upo, baba."

Kisha ukainuka. Hili ndilo lililonifanya nikae hapa kukuandikia. Tangu hogo litolewe, kila ukiinuka umekuwa unaegemea mguu wa kulia, ule mzima. Hata kitandani, hata kwenye mkeka. Hukuwa unajua, mimi nilikuwa najua, kwa sababu na mimi nafanya hivyo hivyo mpaka leo. Jana uliukunja wa kushoto chini yako, ukausukumia ardhini uzito wote, ukasimama juu yake, na wala hukuufikiria. Hakuna picha ya hospitali ambayo ingenionyesha kitu kile. Hapo nikajua kilichokuwa hakijapona kati yetu hakikuwa kwako.

Ukanifuta vumbi begani, mbele ya watu wote, ukasema kwa upole kabisa, "Toka, baba. Mpira unaendelea."

Nimetoka, mama. Cheza.

Baba yako.